Vilainishi vya nanochembe

Vilainishi vya nanochembe ni oili au grisi zilizochanganywa na chembe ngumu ndogo mno, zenye ukubwa wa kati ya nanometa 1 na 100, kwa lengo la kupunguza msuguano na uchakavu wa vipuri vinavyosuguana. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Unywele wa binadamu wenye unene wa mikrometa 75 ni mnene mara 1,500 kuliko chembe ya nanometa 50. Kwa upande wa injini, vilainishi hivi huelezwa pamoja na mipako migumu na myembamba inayopakwa juu ya vipuri kiwandani, kwa kuwa vyote viwili vinajibu swali moja: ni nini kinachozuia chuma kula chuma pale utando wa oili unapokatika?

Mipako ya aina hiyo imo tayari katika magari mengi yanayotembea barabarani, na oili yoyote nzuri ya dukani ina nanochembe ndani yake ingawa haitangazwi hivyo. Chembe zinazouzwa katika chupa ndogo za kumimina ndani ya injini ni jambo jingine, na ushahidi wake ni dhaifu zaidi.

Katika makala hii neno "oili" lina maana ya mafuta ya kulainisha injini, kama linavyotumika gereji, ili yasichanganywe na petroli wala dizeli.

Msuguano ndani ya injini

Uso wa chuma uliong'arishwa hadi ukawa kama kioo bado una vilima na mabonde ukitazamwa kwa hadubini. Kuta za silinda hata huachwa makusudi na mikwaruzo iliyokatizana kama nyuzi za wavu ili oili ipate mahali pa kukaa. Nyuso mbili zikigandamizwa hugusana kwenye vilele vya vilima tu. Vilele hivyo hushikamana kwa muda mfupi sana kisha hukatika. Kukatika huko kunadai nguvu, na nguvu hiyo ndiyo msuguano. Mara nyingine kunang'oa kipande kidogo cha chuma, na huo ndio uchakavu.

Sheria za msuguano mkavu zilichunguzwa na Leonardo da Vinci, kisha na Guillaume Amontons mwaka 1699 na Charles-Augustin de Coulomb mwaka 1785. Elimu ya ulainishaji, hata hivyo, ilianzia kwenye reli. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za mabehewa ya treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Ekseli ilipoanza kuzunguka, oili ilipanda na kumwagika kupitia tundu lile lile. Tower akaliziba, na kizibo kikasukumwa nje. Ilidhihirika kwamba ndani ya beringi mlikuwa na shinikizo kubwa ambalo hakuna mtu aliyelitia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds alieleza sababu yake kwa hesabu: ekseli inayozunguka huburuta oili na kuiingiza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba kama kabari. Oili haiwezi kubanwa, hivyo huinua ekseli nzima. Dereva aliyewahi kupita kwa kasi barabarani penye maji mengi akahisi usukani umekuwa mwepesi ghafla ameliona jambo hilo hilo, kwani tairi zake zilikuwa zikielea juu ya kabari ya maji.

Mwaka 1902 Mjerumani Richard Stribeck alionyesha kwa vipimo jinsi msuguano unavyobadilika kulingana na kasi na mzigo. Mchoro unaoitwa kwa jina lake una sehemu tatu. Kasi ikiwa kubwa ya kutosha, nyuso zimetenganishwa kabisa na oili na hakuna kinacholika. Kasi ikiwa ndogo sana au mzigo mkubwa mno, kabari ya oili haipatikani, na vilele vya chuma hugusana vikitenganishwa na tabaka chache tu za molekuli. Kati ya hali hizo mbili kuna hali ya mchanganyiko, ambapo sehemu ya mzigo hubebwa na oili na sehemu nyingine hubebwa na vilele.

Beringi za krankishafti hutumia muda wao mwingi katika hali ya kwanza, ndiyo maana katika injini inayotunzwa vizuri hudumu miaka mingi. Pistoni haina bahati hiyo. Kila inapofika juu kabisa au chini kabisa ya silinda husimama kabla ya kugeuka, na kwa wakati huo kasi ni sifuri na kabari ya oili haipo. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huisimamisha kila pistoni mara 4,000 kwa dakika. Kule juu, mahali pa kusimama ndipo penye joto na shinikizo kubwa zaidi, na fundi anayefungua injini iliyotembea sana hukuta ukingo unaohisika kwa kucha mahali ringi ya juu ilipokuwa ikigeukia. Kemu zinazosukuma tapeti nazo huwa na mzigo mkubwa juu ya mstari mwembamba wa mguso. Hali kadhalika, wakati wa kuwasha injini iliyolala usiku kucha, oili huwa imeshuka yote kwenye sampu.

Nanochembe zina kazi hapo tu. Mahali penye utando mnene wa oili chembe ya nanometa 50 huelea bila kugusa chochote, na haina la kufanya.

Kiasi cha nishati kinachopotea

Mwaka 2012 Kenneth Holmberg na Peter Andersson wa Finland, pamoja na Ali Erdemir wa maabara ya Argonne nchini Marekani, walitoa makadirio ambayo hutumiwa sana hadi leo. Kwa gari dogo la abiria, asilimia 33 ya nishati ya petroli hutoka na moshi, asilimia 29 huondolewa na mfumo wa kupoza injini, na asilimia 38 iliyobaki ndiyo hugeuka kuwa nguvu ya kusukuma vitu. Katika hiyo 38, tano hutumika kupasua hewa na 33 kushinda msuguano wa kila aina: matairi, breki, giaboksi na injini. Mgawo wa injini ni asilimia 35 ya msuguano wote. Ndani ya injini, pistoni na ringi zake huchukua karibu asilimia 45, beringi 30, mfumo wa valvu 15, na pampu pamoja na mnato wa oili yenyewe huchukua 10.

Inafaa kufanya hesabu ndogo hapa. Asilimia 35 ya 33 ni kama 11.5. Nguvu yote inayodaiwa kwenye injini ni 38. Kwa hiyo kama muujiza ungefuta kabisa msuguano wote wa injini, bila kubakiza hata kidogo, mahitaji ya nguvu yangepungua kwa 11.5 kati ya 38, yaani karibu asilimia 30, na matumizi ya petroli yangepungua kwa kiasi kama hicho. Bidhaa inayodai kuokoa asilimia 30 ya mafuta kwa kupunguza msuguano wa injini inadai kwamba muujiza huo umetokea. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya msuguano huo unatokana na mnato wa oili, ambao nanochembe hazuwezi kuupunguza, kinachobaki kupiganiwa ni asilimia chache. Kwa nchi nzima au kwa kampuni yenye malori mengi, asilimia chache ni fedha nyingi. Ripoti ya Peter Jost ya mwaka 1966, ambayo ndiyo ilieneza neno "tribolojia" kwa elimu ya msuguano, uchakavu na ulainishaji, ilikadiria kwamba viwanda vya Uingereza vingeokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kutumia vizuri ujuzi uliokuwa unajulikana tayari.

Nanochembe zilizomo tayari katika oili

Wanunuzi wengi hudhani nanoteknolojia katika oili ni jambo jipya. Oili ya kawaida ya injini ina kemikali za kusafisha zenye kalsiamu, na kalsiamu hiyo imo kama vipunje vya kalsiamu kaboneti, dutu ile ile ya chokaa na maganda ya konokono, vyenye upana wa takriban nanometa 10. Kila kipunje kimezungukwa na molekuli zinazokifanya kielee. Kazi yake ni kuua asidi zinazotokana na kuungua kwa mafuta. Teknolojia hiyo imetumika tangu katikati ya karne ya 20, kabla neno "nano" halijawa la kibiashara.

Kiongezo cha pili ni kile kinachojulikana kwa kifupi kama ZDDP, chenye zinki, fosforasi na salfa. Kilianza kutumika miaka ya 1940 kuzuia oili isioze na beringi zisipate kutu, na baadaye ikagundulika kwamba kinazuia pia uchakavu. ZDDP yenyewe imeyeyuka katika oili kama sukari katika chai, wala si chembe. Lakini pale ambapo vilele vya chuma vinagongana, joto na mgandamizo huivunja, na mabaki yake hujenga juu ya chuma utando unaofanana na kioo, wenye unene wa nanometa 100 hivi. Utando huo hulika badala ya chuma, na unapolika hujengwa mwingine. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitazama utando huu ukikua kwa kutumia hadubini yenye ncha ya kusugua, wakathibitisha kwamba mgandamizo ukiongezeka nao hukua kwa kasi zaidi. Hii ndiyo hekima ya ZDDP: dawa hujipeleka yenyewe mahali penye kidonda. Kasoro yake ni kwamba fosforasi inayotoka na moshi huharibu kichocheo cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, hivyo viwango vya oili za petroli vimekuwa vikiipunguza hatua kwa hatua. Hitaji la kupata mbadala wa ZDDP ni sababu mojawapo kubwa ya utafiti wa nanochembe.

Kiongezo cha tatu ni MoDTC, chenye molibdeni na salfa, ambacho hutumika sana katika oili nyepesi za Japani. Nacho huyeyuka katika oili. Kikisuguliwa huvunjika na kuzaa vipande vya molibdeni disulfidi (MoS2) vyenye unene wa tabaka moja tu, chini ya nanometa moja. Kizigeu cha msuguano, yaani nguvu ya kusukuma ikigawanywa kwa nguvu ya kugandamiza, hushuka kutoka kama 0.1 hadi karibu 0.05.

Kuna pia nanochembe ambazo hakuna aliyezitaka. Masizi ya injini ya dizeli huanza kama vitufe vya nanometa 20 hadi 50, kisha huungana kuwa vichane. Baadhi huingia kwenye oili, huifanya nyeusi na nzito, na hukwangua utando wa ZDDP kabla haujakomaa. Chujio la oili haliyazuii kwa sababu vitundu vyake ni vya mikrometa kadhaa au makumi ya mikrometa. Hakuna njia ya kuyaondoa ila kubadilisha oili kwa wakati.

Chembe zinazoongezwa

Vitu vilivyojaribiwa ni vingi: MoS2 na tungsteni disulfidi (WS2), grafiti na grafini, almasi ndogo mno zinazotokana na mlipuko, shaba, oksidi za titani na alumini, boroni nitridi na vinginevyo. Muhimu zaidi ni vile vyenye tabaka. Katika MoS2 atomu za molibdeni zimebanwa katikati ya safu mbili za salfa. Ndani ya tabaka moja atomu zimeshikana sana, lakini tabaka na tabaka zimeshikana kwa nguvu hafifu, kama karata. Ukisukuma fungu la karata kwa kiganja, karata huteleza moja juu ya nyingine.

Vipande bapa vya MoS2 vina tatizo moja: kingo zake hupenda kuungana kikemikali na oksijeni na unyevu. Mwaka 1992 Reshef Tenne na wenzake wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walionyesha kwamba WS2 inaweza kujikunja na kujifunga kuwa mpira ulio mtupu ndani, wenye tabaka kama kitunguu. Mpira hauna kingo. Wazo lilifuata nyayo za ugunduzi wa molekuli ya kaboni C60 mwaka 1985, ambao uliwapa Robert Curl, Harold Kroto na Richard Smalley Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996. Mwaka 1997 kundi la Israeli lilitangaza kwamba mipira ya WS2 ndani ya oili hupunguza msuguano na uchakavu kuliko vipande bapa vya dutu hiyo hiyo.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa yalikuwa rahisi na ya kuvutia: mipira hubingirika kati ya vyuma kama magogo ambayo wavuvi hulaza chini ya ngalawa wanapoishusha majini. Kubingirika kumeonekana kweli kwenye mizigo midogo. Kwenye mizigo ya injini, hata hivyo, mpira hupondwa. Tabaka zake hubambuka moja moja na kugandamana na chuma, na msuguano hupungua kwa sababu karata zimetandazwa juu ya vilele. Gogo limegeuka mkeka. Njia nyingine zinazotajwa ni chembe kujaza mabonde ya uso, kama kifusi katika mashimo ya barabara, na chembe ngumu kama almasi kusugua vilele taratibu mfano wa msasa laini sana. Hiyo ya mwisho ina hatari yake, maana msasa haujui wakati wa kuacha.

Mahali penye mashaka

Adui wa kwanza wa nanochembe ni nanochembe wenzake. Kadiri kitu kinavyokatwa vipande vidogo ndivyo uso wake unavyoongezeka. Mchemraba wa milimita 1 una uso wa milimita 6 za mraba. Ukikatwa kuwa michemraba ya nanometa 100 utapata vipande trilioni moja vyenye jumla ya uso wa sentimita 600 za mraba, karibu sawa na upande mmoja wa karatasi ya A4. Nyuso zote hizo huvutana. Chembe zikikutana hushikamana, fungu hukua, na fungu kubwa huzama. Kasi ya kuzama inategemea mraba wa kipenyo: fungu la mikrometa 1 huzama mara 400 kwa kasi kuliko chembe ya nanometa 50. Chembe iliyo peke yake husukumwasukumwa na molekuli za oili na inaweza kuelea miezi mingi. Fungu hulala chini ya chupa kama machicha.

Ili zisishikamane, chembe huvikwa molekuli ndefu kama za asidi oleiki, inayopatikana pia katika mafuta ya zeituni. Lakini hapo huzuka mgongano. Molekuli zinazozuia chembe isishike mwenzake huizuia pia isishike chuma. Majaribio ya mipira ya MoS2 yameonyesha kwamba kemikali za kutawanya zilizomo katika oili kamili huweza kuiweka chembe ikielea vizuri sana huku zikiinyima nafasi ya kujenga utando. Kwa maneno mengine, inatawanyika lakini haifanyi kazi. Ndiyo maana MoDTC, ambayo huzaa MoS2 pale pale penye msuguano, imefaulu sokoni kuliko MoS2 inayotiwa ikiwa chembe.

Tatizo la pili ni namna ya kupima. Kifaa kinachotumika mara nyingi kina mipira minne ya chuma: mitatu imefungwa chini, na mmoja unazungushwa juu yake ndani ya oili, kisha upana wa kovu lililobaki hupimwa. Kipimo ni cha haraka na nafuu. Lakini watafiti wengi hukifanya kwa oili tupu isiyo na ZDDP wala kiongezo kingine, ambayo hakuna mtu angeimimina katika gari lake. Kuboresha oili tupu kwa kitu chochote ni rahisi. Kuboresha oili kamili ya dukani ni kazi ngumu, na asilimia kubwa za mafanikio zinazotajwa magazetini nyingi zinatoka kwenye ulinganisho ule wa kwanza. Kiasi nacho kina mpaka. Kwa kawaida matokeo bora hupatikana chini ya asilimia 1 ya uzito, na ukizidisha msuguano na uchakavu huanza kupanda tena.

Zaidi ya hayo, chembe za metali na oksidi zake haziungui. Oili kidogo inayoingia katika chumba cha mwako huziacha kama majivu, na katika magari mapya ya dizeli majivu huziba chujio la moshi.

Chupa za kuongeza madukani

Historia ya viongezo vya kumimina inafaa kukumbukwa. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliwashtaki wauzaji wa Slick 50, kiongezo chenye chembe za PTFE, plastiki ile ile ya vikaango visivyoshika chakula. Tume ilidai kwamba matangazo kuhusu kupunguza uchakavu wa injini hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Mwaka 1997 kampuni ilikubali kuacha madai ya aina hiyo. Bidhaa nyingine kadhaa zilifuatwa na mashtaka kama hayo katika miaka iliyofuata. Chembe za PTFE hazikuwa nano, lakini lugha ya matangazo ni ile ile leo, neno moja tu limebadilishwa.

Alama za ubora zilizo juu ya galoni, kama za taasisi ya API ya Marekani, huhusu oili kama ilivyotoka kiwandani. Anayeongeza chupa ameunda mchanganyiko ambao hakuna aliyeupima.

Kwa Afrika Mashariki pikipiki inahitaji tahadhari ya pekee. Katika pikipiki nyingi za bodaboda oili moja hulainisha injini, giaboksi na klachi, na klachi hufanya kazi kwa msuguano. Kitu kinachopunguza msuguano wa pistoni hupunguza pia msuguano wa sahani za klachi. Klachi ikiteleza, injini hulia bila pikipiki kuvuta, hasa kwenye mlima na abiria wawili. Kwa sababu hiyo Wajapani waliweka, mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwango cha JASO kinachotenganisha oili za MA, zinazofaa klachi iliyolowa oili, na za MB, zenye msuguano mdogo zaidi. Kuongeza chupa ya "nano" yenye molibdeni au grafiti katika oili ya MA ni kuifuta alama hiyo kwa mkono wako.

Mipako

Njia ya pili haitegemei chembe ielee wala ifike. Kinga hupakwa juu ya kipuri kabla hakijaingia kwenye injini.

Maarufu zaidi ni kaboni inayofanana na almasi, kwa kifupi DLC. Ni kaboni isiyo na mpangilio wa fuwele, ambayo baadhi ya viungo vya atomu zake ni vya almasi na vingine vya grafiti. Hupakwa ndani ya chumba kisicho na hewa, kwa unene wa mikrometa 1 hadi 3 hivi. Hutumika kwenye sindano za nozeli za dizeli, pini za pistoni, ringi na tapeti. Katikati ya miaka ya 2000 Nissan ilianza kupaka tapeti za baadhi ya injini zake DLC isiyo na hidrojeni, baada ya kuona kwamba aina hiyo hushikana vizuri zaidi na molekuli za oili.

Hata hapa oili na mpako vinapaswa kuelewana. Imethibitika katika maabara kadhaa kwamba MoDTC, rafiki mkubwa wa chuma, huweza kuharakisha kulika kwa DLC yenye hidrojeni. Kiongezo kizuri na mpako mzuri, kila kimoja kwa upande wake, vikikutana vinaweza kuleta hasara.

Kwa silinda za alumini mpako mkongwe ni Nikasil, ulioanzishwa na kampuni ya Mahle ya Ujerumani mwaka 1967, wenye nikeli iliyochanganywa na vipunje vigumu vya silikoni kabidi. Umetumika katika magari ya mbio, pikipiki na misumeno ya mnyororo. Miaka ya 1990 baadhi ya injini za BMW na Jaguar zenye mpako wa aina hii zililika mapema katika nchi zilizouza petroli yenye salfa nyingi, kwa sababu asidi za salfa zilishambulia nikeli. Tangu hapo nchi nyingi zimeshusha salfa katika mafuta. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilihamia dizeli ya salfa sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015.

Mpako mpya zaidi hunyunyizwa. Waya za chuma huyeyushwa kwa cheche kubwa ya umeme, na matone hupulizwa juu ya ukuta wa silinda yakaganda tabaka juu ya tabaka. Mercedes-Benz huita njia yake Nanoslide, kwa kuwa punje za chuma zinazogandishwa haraka hivyo huwa za nanometa. Mpako wa sehemu 1 au 2 za kumi za milimita huchukua nafasi ya slivu ya chuma cha kusubu yenye unene wa milimita kadhaa. Ukishasuguliwa, vitundu vidogo vilivyobaki ndani yake huhifadhi oili.

Utafiti unajaribu kuunganisha njia hizi mbili. Mwaka 2015 watafiti wa Argonne walichanganya grafini na almasi za nanometa juu ya DLC, wakapata kizigeu cha msuguano cha karibu 0.004, lakini katika nitrojeni kavu tu. Unyevu wa hewa uliondoa ajabu hiyo. Mwaka uliofuata maabara hiyo hiyo ilieleza mpako wa molibdeni nitridi na shaba ambao, ukisuguliwa ndani ya oili isiyo na viongezo, huzivunja molekuli za oili na kujitengenezea utando wa kaboni unaofanana na DLC. Utando ukilika, mwingine hujengwa kutokana na oili ile ile, kwa namna ya ZDDP lakini bila fosforasi.

Matengenezo

Mipako imebadilisha kazi ya gereji. Silinda ya chuma cha kusubu ikilika huchongwa, ikatiwa pistoni ya saizi kubwa zaidi au slivu mpya, na fundi mwenye mashine ya kuchonga humaliza kazi hiyo kwa siku moja. Silinda ya Nikasil au ya kunyunyizwa ikichongwa kwa njia hiyo mpako wote huondoka na kubaki alumini tupu, ambayo ringi za kawaida huikwangua kwa muda mfupi. Inapaswa kupakwa upya na mtambo maalumu, kutiwa slivu na mtu anayejua vipimo vyake, au kubadilishwa bloki nzima. Kabla ya kuchonga bloki ya alumini fundi anaweza kuijaribu kwa sumaku. Isiponata kabisa kwenye ukuta wa silinda, hakuna slivu ya chuma. Ikinata, jibu bado halijakamilika, maana mpako wa chuma ulionyunyizwa nao hunata, na nikeli ya Nikasil huweza kuvutwa kidogo. Hapo inabidi kutazama ukingo wa juu wa silinda kama kuna mstari wa mduara unaotenganisha slivu na alumini.

Tapeti zenye DLC hutambulika kwa rangi yake nyeusi inayong'aa. Tapeti ya kawaida yenye kipimo sawa huingia mahali pake bila shida na injini huwaka, ila kemu yake itakuwa inasugua chuma kitupu huku jirani zake zikisugua mpako, na katika injini iliyotengenezwa kwa oili nyepesi za 0W-20 au 5W-30 tofauti hiyo huonekana kwenye kemu kabla ya vipuri vingine kuchoka.